Tundu la Wodi Iliyofungwa

Fundi wa mtandao wa hospitali ile alizoea kupuliza ncha za vidole kabla ya kugusa swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya zote za mtandao, kama mkunga apashaye mikono joto. Kila tundu la waya aliliwekea kikomo cha ujumbe upitao, ili dhoruba ya ujumbe ikizuka isigandishe skrini za wagonjwa mahututi. Asubuhi moja ziliganda zote, na muuguzi akamjia mbio. Kwenye swichi, taa iliyometameta kama iliyopagawa ilikuwa ya tundu la wodi iliyofungwa, ambayo waya wake fundi mwenyewe alikwisha kuung'oa.

"Lizime tundu hilo kabisa, baba, tusije tukapoteza mtu!"

Fundi alipuliza vidole, akashusha kikomo cha tundu hilo taratibu, na skrini zikarudi.

"Nikimnyamazisha kabisa, mwanangu," alinong'ona, "atahamia tundu lenye mgonjwa."