Bibi wa Kisimani

Mimi ni mbishi tangu utotoni, na ubishi huo ndio ulionifanya Krismasi iliyopita nilishushe boksi kutoka juu ya kabati la wazazi wangu, nyumbani Nakwa, nje kidogo ya mji wa Babati. Ndani mlikuwa na mashine yetu ya gemu na ile CD ya kijana mwenye upanga. Baba alishasema haiwezi kuwaka. Ikawaka.

"Ubishi wako huo!" akasema, akavuta kiti.

Tuliipata mtumba mwaka ambao mkoa wetu ulikuwa bado mpya. Baba alikuwa karani, kahamishiwa Babati, na mama alikuwa amelazwa Arusha, anaumwa sana. Sisi watoto tulitaka kujua jambo moja tu: atarudi?

Kwenye gemu, yule kijana anapanda mlima wa joka kutafuta maji ya kumponya mama yake. Yaani ni sisi kabisa! Ila maneno yote yalikuwa Kiingereza, na Kiingereza chetu cha shule ya msingi kiliishia kumsalimia mwalimu. Msomaji wetu alikuwa baba. Akitoka ofisini, hata viatu hajavua, tunamvuta: "Baba, huyu anasemaje?" Kwa tafsiri yake, kila mtu mle alianza na shikamoo na kuuliza habari za shamba. Joka lenyewe lilituambia karibuni. Tuliamini, jamani.

Jioni moja alikuja moja kwa moja kutoka hospitali. Tulikuwa tumefika kisimani, bibi mmoja katuzibia njia. Baba alikodolea kioo cha TV kwa muda.

"Anasema, chota maji haraka, mwanangu. Mama yako anakungoja."

Tulishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Na kweli mama alirudi, amekonda vibaya, lakini alirudi.

Krismasi hiyo nikafika tena kisimani, safari hii nasoma mwenyewe. Bibi anasema: Rudi nyumbani, kijana. Maji hayana kazi tena. Mama yako tumeshamzika.

Nikamgeukia baba. "Kumbe! Wewe ulijua mama atapona?"

"Ningejulia wapi? Siku ile daktari alikuwa ameniambia nijiandae." Akasugua magoti yake. "Njia nzima nawaza nitawaambiaje. Nafika, na hicho kibibi nacho kinaniletea maneno yale yale. Nikakikatalia."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa anatusomea tu.

Mama akatokea jikoni, mikono ina unga wa kukaangia samaki. Akasimama nyuma yetu akikaza macho kwenye maandishi. Kiingereza hajui.

"Huyo bibi naye anasemaje?"

Baba akasogeza kiti pembeni. Akaniangalia mimi.

"Anasema, chota maji haraka," nikamwambia. "Mama yako anakungoja."

"Basi mwambieni asichelewe," mama akasema, akirudi jikoni. "Samaki wanapoa."