Mume Wangu Kaja Kliniki, ila Sio na Mimi

Jamani, leo mume wangu kakaa kliniki kama baba wa mtoto. Mtoto wa nani? Ngojeni.

Asubuhi nilimwomba anipeleke na pikipiki yake. "Mama Neema, nawahi abiria."

Haya. Nikatembea toka Mwisenge, kichanga kifuani, Neema wa miaka miwili mgongoni, maana kutembea kagoma.

Kliniki yetu, aliyekuja na mume ndiye anaanzaga. Nikatupwa benchi la nyuma.

Mara pikipiki. Kashuka dada na mtoto wake, nasikia kabisa anamwambia bodaboda: "Kaka, kaa na mimi wajue nina mume, nipite haraka."

Kakaa! Mtoto wa watu kampakata, na kofia kamwekea vizuri.

Nesi: "Baba na mama, karibuni."

Neema kumbe kaamka. "BABA!"

Benchi zima likageuka. Nesi ananiangalia mimi, anamwangalia yeye. Na aliyeinamisha kichwa kwa aibu ni mimi, nyie!

Jioni ananiambia, "Yule si abiria tu?"

Najua. Kliniki ijayo nitampigia simu kama abiria. Labda na mimi nitapata mume.