Mchanga wa Ziwa na Koki Mbili

"Shangazi, kwani mama alikukosea nini?"

Glorious alikuwa darasa la pili alipouliza swali hilo, tena mlangoni, bakuli la maharage likiwa bado mikononi. Maharage yalitoka Mbinga kwa bibi yake mzaa mama, na mama yake, Devotha, alikuwa amemtuma ayafikishe upande wa pili wa ua wa matete, kwa shangazi Edina. Edina alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria. Aliisuuza, akaiinua juani, akaigeuza huku na huku, kisha akasema, "Rudisha bakuli, mwambie mama yako maharage ninayo."

Hakuwa na maharage hata punje.

Pale Lundo, kijiji cha kando ya ziwa, mwanamke hupimwa kwa sufuria zake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kila asubuhi akina mama hushuka ufukweni na vyombo vya jana, huchota ule mchanga mwembamba uliolowa, husugua nje na ndani mpaka masizi yasalimu amri, kisha huvipanga chanjani vikauke. Mgeni akipita huanza kutazama vyombo, wenyewe baadaye. Sufuria za Edina zilisifiwa mpaka Lituhi. Marehemu mumewe, Stephano, alikuwa akitania kwamba yeye aliposa mng'aro, sura ya mke aliiona baada ya harusi.

Na Edina alianza kusugua mapema. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na minne, akaachiwa mdogo wake Alphonce, mtoto wa miaka miwili na kitu, aliyekuwa hata kuongea hajanyooka. Alimbeba mgongoni akianika dagaa wa usipa, akambeba akipalilia muhogo, na alipoolewa alikwenda naye kwa mume kama sehemu ya mizigo. Stephano hakulalamika. Miaka kumi na moja Edina alimlisha mdogo wake, akamvisha, akamchapa na kumbembeleza, mpaka kijana alipofaulu kwenda sekondari huko juu Mbinga. Siku ile Edina alilia jikoni, akasingizia moshi.

Stephano alipofariki, mjane huyo hakukunja mikono. Alikausha samaki kwa moshi, akauza mpaka Mbinga, na kwa biashara hiyo akaongeza chumba cha wageni chenye choo cha ndani na vigae vyeupe, cha kwanza katika mtaa wao. Tangu hapo, askofu wao wa Kianglikana akija kwa ajili ya kipaimara, alilala kwa Edina. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu shuka zake zilipigwa pasi na Edina. Cheo hicho hakikuwa na barua wala kiti, lakini kanisani wanawake walimsogezea nafasi kwenye benchi.

Kisha Alphonce akarudi nyumbani. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, amemwoa Devotha, binti wa Kimatengo kutoka milimani, na alijenga palepale, jirani na dada yake. Maji ya kisima kirefu yalipovutwa hadi majumbani, alishuka kutoka Mbinga na maboksi mawili. Kila moja lilikuwa na koki ya kunawia na bomba la mvua la kuogea, duka moja, chapa moja. Moja la mkewe, moja la dada yake. Fundi Tadei alifunga vyote siku hiyohiyo, na Edina aliifungua koki yake na kuifunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Maji yenyewe, kwa macho, yalikuwa safi. Tabia ndiyo ilikuwa mbaya. Sabuni ilikuwa haitoi povu, inaganda tu kama maziwa yaliyokatika. Birika likitumika wiki tatu lilivaa koti jeupe ndani. Na kila tone lililokauka kwenye koki liliacha doa, doa likawa ukoko, ukoko ukawa mgumu kama gamba la konokono. Walimu wa shule waliyaita maji magumu. Akina mama waliyaita maji ya chumvi, wakayatukana taratibu.

Edina aliuona ule ukoko akacheka. Yeye na uchafu walijuana. Alishuka ufukweni, akapanda na mchanga kwenye kopo, akaisugua koki mpaka ikawaka. Baada ya siku nne doa likarudi. Akasugua tena. Kadiri alivyosugua ndivyo ukoko ulivyorudi haraka, na ulishika zaidi, kama umeota mizizi. Mwaka ulipoisha koki ilikuwa na mabaka, nikeli ya juu imechunika, chini yake shaba ya njano inachungulia. Bomba la mvua nalo lilikuwa limeziba matundu. Ukilifungua lilitema mate kidogo, likanyamaza, likatema tena.

Ng'ambo ya ua, koki ya Devotha ilikuwa inameta kama siku ilipotoka boksini.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Asubuhi Edina alikuwa anaamka na kusikiliza. Alimsikia Devotha akifungua bomba lake la mvua, maji yakimwagika shaa, kama mvua ya masika kwenye bati, na kila yalivyomwagika alihesabu. Alijua wifi yake anaoga mara ngapi. Alijua kitenge kipi ni kipya. Devotha akicheka, yeye alifunga dirisha. Na usiku na mchana alizungusha wazo moja kichwani: kwamba Alphonce alinunua koki mbili kweli, lakini halisi alimpa mke, feki akampa aliyembeba mgongoni.

Siku moja alimwuliza. Aliuliza kwa mzaha, kwamba eti siku hizi madukani kuna mali ya wake na mali ya dada. Alphonce alicheka, akasema zote zilitoka katoni moja, akaomba maji ya kunywa. Edina hakuyasikia mengine. Alisikia kicheko tu.

Wiki mbili kabla ya kipaimara alikuja Mektilda, katibu wa akina mama wa kanisa, kukagua chumba. Alisifu shuka, akasifu vigae. Kisha akafungua bomba la mvua. Tundu moja lililobaki wazi lilirusha maji pembeni, yakampiga kilembani. Mektilda alijifuta polepole, kama mtu anayechagua maneno. Alisema, kwa upole uleule unaotumika msibani, kwamba safari hii labda askofu apumzike kwa Mama Glorious, maana kule maji yanatoka. Edina aliomba apewe mpaka Ijumaa. Alimwita Tadei, na Tadei, baada ya kugongagonga na spana, alisema shida ni maji tu, hana dawa, labda anunue nyingine.

"Na ya jirani inakunywa maji gani, ya mbinguni?" Edina aliuliza.

Tadei alifunga begi lake la vifaa. Ugomvi wa mawifi haumo kwenye kazi ya fundi.

Ijumaa ilifika. Asubuhi Edina alimwona Devotha akitoka na debe la mahindi kichwani kwenda mashineni. Akavuta pumzi, akachukua kopo lake la mchanga, akazunguka ua. Nia yake ilikuwa moja, na kwake ilikuwa ya haki kabisa: kuipima ile koki. Ikiwa ni halisi, mchanga hautaidhuru, naye atamwita Alphonce aone kwa macho yake alichomfanyia dada yake.

Bafuni alikuta koki imefungwa kitambaa chenye majimaji, kama kidole chenye jeraha. Dawa, alisema moyoni, kumbe ndiyo maana. Alikifungua kwa ncha za vidole, akakinusa. Kilinukia ndimu. Akakitupa kwenye beseni, akachota mchanga na kuanza kazi, kwa nguvu zote za mwaka mzima, kushoto kulia, kushoto kulia. Hakusugua muda mrefu. Kwenye kona nikeli ilikwaruzika, ikafifia, ikaachia. Chini yake ikachomoza shaba ya njano, njano ileile anayoiona nyumbani kwake kila asubuhi.

Edina alisimama, mchanga ukimdondoka viganjani.

"Wifi." Devotha alikuwa mlangoni, debe la unga bado kichwani. "Unatafuta nini kwenye koki yangu?"

"Nilitaka kujua kama ni halisi."

"Na umejua?"

"Ni ileile," Edina alisema. "Ni ileile kabisa."

Devotha aliweka debe chini, akasogea, akaipapasa koki yake pale ilipochubuka. Aliendelea kuipapasa mpaka Edina akatamani apigwe. Kisha akasema, "Nyie watu wa ziwani. Hata mtoto akiota upele mtamsugua mchanga."

Siku nyingine tusi hilo lingeleta wazee. Siku hiyo Edina alilimeza, akauliza kitambaa kile kilikuwa cha nini. Devotha akaeleza, kwa hasira lakini akaeleza, kwamba ule ukoko hausuguliwi. Unalainishwa. Unakamua ndimu, unalowesha kitambaa, unafunga, unaacha kama saa moja, unasuuza, basi. Ukisugua mchanga unachimba vijishimo, na maji ya chumvi yanapata pa kukaa. Mama yake huko juu alitakatisha birika kwa njia hiyo miaka yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja, wifi. Nilikuja na ndimu sita kwenye khanga. Ulisema hajazaliwa mtu wa mlimani wa kukufundisha kuosha."

Ni kweli alisema. Tena alisema kwa sauti, ili na majirani wasikie.

Wakiwa bado bafuni, Mektilda akabisha hodi. Ilikuwa Ijumaa, amepitia na huku kukagua. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye koki, akauliza imepatwa na nini, ile nzuri. Hapo Edina angeweza kusema maji. Kila mtu pwani ile angeamini. Devotha alimtazama, hakumsaidia, hakumzuia.

"Ni mkono wangu," Edina alisema. "Nimeikwaruza mimi. Nilikuwa na wivu nayo."

Habari hiyo ilifika Chiwanda kabla ya askofu kufika Lundo.

Mektilda hakuwasema. Alitangaza tu kwamba, ikiwa mambo yako hivyo, askofu atalala kwake, na alilisema haraka, kama mtu aliyekuwa amelihifadhi neno hilo mdomoni tangu mwaka uliopita. Kwake hakukuwa na bomba hata moja. Alimchemshia mgeni maji ya ziwa, akamwekea ndoo na kata nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa makuti. Jumapili, baada ya kipaimara, askofu alisimama na kushukuru wenyeji. Akaongeza kwamba tangu aanze ziara hajaoga maji matamu namna ile, sabuni inatoa povu mpaka masikioni. Kanisa likacheka, likamgeukia Mektilda. Wakamsogezea nafasi.

Devotha alikuwa kando ya Edina, kwa mara ya kwanza kwenye benchi moja, akainama akamnong'oneza: "Ndoo, wifi. Tumeshindwa na ndoo."

Edina alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika, na watu wa nyuma walidhani analia. Kidogo alikuwa analia pia, maana askofu hakulala kwake tena. Mpaka leo analala kwa Mektilda, na mpaka leo Edina akipita pale hutazama kwanza chanjani, kuona kama sufuria zimetakata. Hazijatakata.

Devotha hakununua koki nyingine. Alphonce alipouliza, aliambiwa imezeeka. Kila Jumamosi Edina alizunguka ua na ndimu zake, wakafunga vitambaa kwa huyu, kisha kwa yule, wakabishana kama saa moja imetimia. Bomba la mvua la Edina walililaza kwenye bakuli la ndimu, ukoko ukatoa vipovu, ukaachia vipandevipande, na matundu mengi yakafunguka. Si yote.

Mwaka huu Glorious yuko kidato cha tatu. Likizo ya Juni alikuwa kwa shangazi yake, anakamua ndimu kwenye bakuli. Hakuwa ameuliza kitu. Edina alikuwa anafunga kitambaa kwenye ile koki yenye mabaka, amempa mgongo, akaanza kusema kana kwamba lile swali la darasa la pili liliulizwa dakika hiyohiyo.

"Mama yako hakunikosea. Baba yako alileta koki mbili, sawasawa, hata boksi lilikuwa sawa. Mimi nilimbeba yule miaka kumi na moja." Alikaza fundo. "Nilitaka yangu iwe kubwa."