Vidonge siachi, na sindano nachomwa

Jamani, leo nimemeza kidonge mbele ya mama mkwe na sijafa!

Mnajua tangu tuvuke ziwa kukimbia vita, sonona imenikalia. Kuna siku mtoto analia, namwangalia tu kama si wangu. Hospitali wakanipa vidonge. Taratibu nikaanza kumbeba tena, hata kumwimbia.

Mama mkwe hataki. "Hivyo ni vya vichaa. Mke wa mwanangu si kichaa!"

Basi leo kanivuta hadi mtaa wa Rusimbi, kwa mama mmoja muuguzi, mkimbizi mwenzetu, anayechoma zile sindano nyembamba za Kichina zisizo na dawa ndani, za kutuliza mwili. Njia nzima ananiambia, "Ukishachomwa, yale madawa tunayatupa ziwani."

Nikajilaza. Sindano wala siziogopi. Nawaza vidonge vyangu.

Muuguzi hata sindano hajashika, kaniuliza, "Mdogo wangu, kidonge cha leo umemeza?"

Mama mkwe akadakia, "Anaacha leo!"

"Basi mrudishe nyumbani, mama. Sindano zangu zinasaidiana na dawa ya daktari, haziifukuzi."

(Mngemwona mama mkwe anavyoukodolea macho ukuta.)

Nikafungua fundo la kanga, nikatoa kidonge nilichokificha, nikaomba maji. Mnajua nani kaniletea kikombe? Mama mkwe mwenyewe, mdomo kaubinua!

Nimemeza. Nimechomwa. Sasa mwanangu yuko kifuani hapa, ananivuta pua.

Kina mama mnaomeza kwa kujificha, semeni hapa chini, msione haya. Mimi kesho nameza barazani.