Kufuli Lililokatwa Mara Moja

Mtaani walimwita Bi Kufuli, na jina la cheti cha kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika hata na majirani. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja: meza, jiliwa la kubania chuma, tupa tatu na funguo tele ukutani. Kazi alifundishwa na baba yake, aliyeifanya mpaka macho yakamgomea, kisha akaendelea kumkosoa bintiye kwa kusikiliza tu mlio wa tupa. Cheti cha ufundi hakuwahi kupewa. Angepewa na nani, na mwalimu mwenyewe alikuwa pale pale akimfokea?

Kesi ilimfuata kibandani. Mlinzi wa ghala la vitambaa, mtu mzima mpole kupita kiasi, alikuwa rumande kwa mwezi wa nne sasa. Mali ilikuwa imeibwa, kufuli la mlango likakutwa chini limekatwa, na mwenye ghala akaapa kwamba aliyekata ni mlinzi. Funguo zilikuwa mbili, zote mfukoni mwa mwenye ghala. Mlinzi hakukabidhiwa hata wa choo. Wakili wa mlinzi, dada mmoja asiyekata tamaa upesi, akampeleka Bi Kufuli akalione kufuli lile. Bi Kufuli akaligeuza mara mbili, akamulika ndani kwa tochi, akaguna.

"Hili lilifunguliwa kwa ufunguo," alisema. "Kukatwa kumekuja baadaye."

Wakili akamwomba akaseme hivyo hivyo mahakamani. Binti yake Bi Kufuli, ambaye ni mwalimu, alimsihi asiende, kwani watu wa makaratasi wangemwaibisha bure. Bi Kufuli akamwambia apige pasi gauni la bluu na aache maneno.

Na kweli walijaribu. Kiapo kilikuwa hakijapoa mdomoni, mwendesha mashtaka akasimama na pingamizi. Maoni, alisema, hupokelewa kutoka kwa mtaalamu tu. Akamuuliza amesoma chuo gani. Hakuna. Cheti? Hana. Amewahi kutoa ushahidi? Hajawahi. Kila jibu alilipokea kwa tabasamu.

"Mheshimiwa, huyu mama anachonga funguo kando ya barabara," alimalizia. "Ushahidi wake usipokelewe."

Kizimbani, mlinzi aliinamisha kichwa. Kule kuinama ndiko kulikompandisha Bi Kufuli hasira. Alikuwa amejiandaa kuongea kistaarabu, lakini ustaarabu nao una mwisho wake. Hakimu alipomuuliza kama ana la kujibu, hakungoja wakili amtetee.

"Ninalo, mheshimiwa. Mwaka huu huu ufunguo wa kabati la vielelezo la mahakama hii ulipotea. Karani yule pale alinifuata mbio. Nikalifungua bila kulikwaruza, na kesi zenu zikaendelea. Siku ile hakuna aliyeniuliza cheti. Leo ni mtu anayekaribia kufungwa, ndiyo mmekumbuka cheti?"

Karani akaanza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika. Hakimu alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia Bi Kufuli na kumuuliza mwenyewe: miaka mingapi katika kazi hii, makufuli ya aina ile ameshika mangapi, anatambuaje. Alijibu yote. Miaka ishirini na saba. Hakimu akaamua kwamba utaalamu unaweza kupatikana darasani au kazini, na uzito wa maneno ya shahidi utapimwa akishasikilizwa. Pingamizi likatupwa.

Bi Kufuli akatoa mfukoni kufuli la aina ile ile, alilokuwa amelifunga kwenye pete mbili nene za chuma, na kuukata mara moja upinde wake, kile chuma cha juu kilichopinda. Kwa ruhusa ya hakimu, akampa mwendesha mashtaka alitoe. Akavuta, akasokota, jasho likamtoka. Kufuli halikutoka.

"Upinde una miguu miwili, na kufuli likifungwa yote inashikwa ndani," alieleza. "Ukikata mara moja unapata mwanya mwembamba, pete haipiti. Ni lazima ukate mara mbili au uupanue. Kufuli la ghala limekatwa mara moja, halikupanuliwa, na ndani halina mkwaruzo wa kuchokonolewa. Aliyelikata alikuwa ameshalifungua kwa ufunguo."

Mstari wa mbele, mwenye ghala akaacha kutafuna kijiti chake.

Mwishoni karani alimsomea maelezo yake ili asaini. Kazi: anachonga funguo kando ya barabara. Bi Kufuli akaweka kalamu mezani. "Futa. Andika mtaalamu wa kufuli." Karani akamtazama hakimu, kisha akafuta.

Wiki mbili baadaye mlinzi aliachiwa huru. Binti aliketi kibandani akimsomea mama yake ule ukurasa wa hukumu uliomtaja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne Bi Kufuli akamwambia atosheke, kuna mteja amesimama.

Alikuwa mlinzi. Ufunguo wa nyumba yake ulikuwa umepotelea rumande, na tangu atoke alikuwa hajaingia kwake. Bi Kufuli akachukua mfuko wa vifaa, akafunga kibanda mchana ule kweupe, wakaenda.