Kazi ya Baba Asubuhi

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, hapa Noonkopir, nyuma ya mama kijana anayeshona katika kiwanda cha nguo. Alikuwa akimweleza jirani yake, mama mwenye mvi, kwamba supavaisa amemwonya: akichelewa tena, atafutwa kazi.

"Gawa kazi," jirani akamwambia. "Mtoto mkubwa amvalishe mdogo. Yunifomu na viatu viwekwe pamoja jioni."

"Hayo yote nafanya, mama. Shida ni uji. Siwezi kuachia mtoto jiko."

"Na huyu?" Jirani akaelekeza kidevu kwa mume wa mama kijana, aliyesimama kando amebeba debe la mahindi.

Mwanamume akaliweka debe chini polepole, akapangusa mikono kwa suruali. "Mimi niko na nafasi asubuhi," akasema. "Hakuna mtu ameniuliza."

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mkewe. Mashauri ya kupanga shughuli za nyumbani ninayosoma huanzia kabatini. Sijaona yanayoanzia kwa mume.

Juzi nilikutana na mama kijana huyo nikamuuliza habari za uji.

"Uko na mabonge," akasema. "Watoto wanalalamika. Lakini wakilalamika, mimi nishafika kazini."