Kiti Alichonikania Baba

Baba aliapa mbele ya wanaume wa mitaa miwili kwamba yeye, na mimi, na watakaotoka kwangu, hatutakalia kamwe kiti cha baraza la mtaa wa juu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeketi hatua tatu kutoka kwake, na hakuna aliyeniuliza.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika kijiji karibu na Ibra, Omani. Mjomba wake baba, mkubwa wa baraza la mtaa wa chini, alifariki bila mtoto, akaacha wasia kwamba kiti chake akikalie baba, mpwa wake aliyerudi kutoka Unguja. Tatizo lilikuwa mtaa wa juu. Mkubwa wa huko alikuwa ami yangu, kaka yake baba, naye alikuwa na mabinti watupu. Baada yake angefuata baba. Mabaraza mawili yangeingia mkononi mwa mtu mmoja, na falaji, mkondo wa maji unaonywesha mitende ya pande zote, ni moja.

Mtaa wa chini ukagawanyika. Nusu walimtaka binamu wa marehemu, ambaye hakuwahi kuondoka Omani. Idi ile kahawa ikamiminwa sehemu mbili. Mzee mmoja wa mtaa wa chini alipokea kikombe kwa baba, akakiweka chini kimejaa. Kwetu mgeni hafanyi hivyo ila ana haja, na hanywi mpaka ajibiwe. Wiki ile mfereji wetu ulizibwa mara mbili kabla ya zamu yetu kwisha. Vijana wakaanza kwenda mashambani na bakora.

Ndipo akaja mume wa shangazi yangu kutoka Nizwa. Alikuwa mwalimu wa tarehe, yaani historia, Unguja kabla ya mapinduzi.

"Shemeji, Wazungu walipigana zaidi ya miaka kumi kwa jambo hilihili," alimwambia baba. "Mfalme wa Hispania alikufa hana mtoto. Wasia ukampa kiti mjukuu wa mfalme wa Ufaransa. Wengine wakaogopa mtu mmoja asije akazishika nchi mbili, wakamsimamisha mshindani kutoka Austria."

"Wakamalizaje?"

"Walichoka. Mjukuu akabaki Hispania, lakini akaikana Ufaransa, yeye na kizazi chake. Mshindani akapozwa na nchi za Italia na nyingine za kaskazini."

"Na Mngereza? Hakosekani huyo."

"Alitoka na Jabal Tariq, jabali la kusini mwa Hispania. Yumo mpaka leo."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu Idi. "Basi mjukuu ndiye mimi."

"Ndiye wewe. Mpe binamu usimamizi wa zamu za maji, nawe ukane mtaa wa juu."

Binamu alikubali. Karatasi waliyoiandaa wazee ilimtaja baba peke yake. Maneno ya kizazi aliyaongeza mwenyewe, kama alivyoyasikia kwa shemeji yake. Alipomaliza, yule mzee alipokea kikombe, akanywa, akakitikisa kuonyesha ametosheka. Mfereji wetu haukuzibwa tena.

Miaka kumi baadaye ami akafariki. Wanaume watatu wa mtaa wa juu wakaja nyumbani kwangu.

"Kiti ni chako," alisema mkubwa wao.

Nikawakumbusha kiapo.

"Tumemuuliza kadhi mstaafu. Anasema mtu hawezi kumkania mwanawe kitu ambacho mwenyewe hajakishika."

Lakini asubuhi ileile binamu wa mtaa wa chini alikuwa ameniletea salamu: hajasahau hata neno moja.

Nilikwenda chumba cha ndani kumuuliza baba, aliyekuwa hatoki tena. Alikuwa akitaka kunifunga kweli?

"Hakuna aliyenitaka niseme," alijibu. "Hadithi ya shemeji ndivyo ilivyokuwa, nikaogopa kuipunguza."

Niliporudi, wageni walikuwa wameshaondoka. Vikombe vyao vitatu vilikuwa juu ya mkeka, vimejaa. Mpaka naandika haya, sijawajibu, na kiti cha mtaa wa juu hakina mtu.